Mwalimu Hilda Zablon Chidawali, Aliyewapandisha Watoto Mlima Chimbuya (1961–2025)

Mwalimu Hilda Chidawali hakuhesabu watoto. Kanuni hiyo alipewa na mama yake, Bibi Zipora, aliyemfundisha kwamba mtoto wa mtu hahesabiwi kama madebe ya mahindi, kwa kuwa anayehesabu watoto anayaonyesha mauti pa kuchagua. Aliishika kanuni hiyo miaka hamsini. Mwezi uliopita, akiwa kitandani, aliwaagiza ndugu zake wasimwandikie wasifu wa sifa tupu. "Mkisema nilikuwa mwema tu, mtakuwa mmedanganya mbele ya jeneza," alisema. "Semeni na la Stumai." Kwa hiyo litasemwa.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1961 katika kijiji cha Handali, mtoto wa kwanza kati ya watano wa Katekista Zablon Chidawali na Bibi Zipora, wazazi ambao wote wawili wametangulia. Wadogo zake wa kiume walichelewa kuzaliwa, hivyo yeye ndiye aliyechunga mbuzi wa nyumbani, kazi ambayo siku zile ilikuwa ya wavulana. Wavulana wa kijiji walimcheka: "We Hilda, wewe utaolewa na beberu!" Naye akawajibu, "Beberu ananuka, lakini halewi." Jioni baba yake alisimama kwenye mlango wa zizi, akawatazama mbuzi wakiingia, kisha akasema, "Yule mwenye doa shingoni hayupo." Hakuhesabu hata siku moja, na hakukosea. Hilda alikua akiamini kwamba anayependa anajua nani hayupo kwa kutazama tu. Ni imani nzuri. Kasoro yake ni kwamba inadai macho yasiyochoka wala kugeuka pembeni, na macho ya namna hiyo binadamu hakupewa.

Alisoma Shule ya Msingi Handali kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akachaguliwa kwenda Sekondari ya Wasichana Msalato, alikohitimu kidato cha nne mwaka 1979. Wenzake wa Msalato wanamkumbuka kwa jambo moja. Jumapili, wasichana walipopewa ruhusa ya kutoka, wao walikwenda mjini kutazama nguo, yeye alikwenda porini akarudi na mbegu na manyoya ya ndege mfukoni mwa sketi. Matroni alimuuliza porini kuna nini. Akasema, "Kuna nafasi." Mwaka 1981 alihitimu Chuo cha Ualimu Mpwapwa kwa cheti cha Daraja la Tatu A.

Mwaka 1982 alipangiwa shule ya kijiji upande wa magharibi wa Kondoa, sehemu ambayo leo iko Wilaya ya Chemba, kati ya Wasandawe. Lugha yao ina sauti za vidoko vya ulimi ambazo hakuwahi kuziweza, na watoto walimwomba azijaribu kila asubuhi ili wapate kucheka kabla ya hesabu. Wao walimfundisha kusoma nyayo. Mtoto mmoja wa darasa la pili, Gideoni, alichuchumaa mchangani akamwonyesha alama ndogo zilizokwenda mbele kisha zikageuka. "Mwalimu, huyu ni pimbi," alisema. "Alikuwa anakimbia, halafu akakumbuka kitu akarudi." Hilda alilisimulia neno hilo maisha yake yote. Alisema siku ile alielewa kwamba mtoto mdogo hana haja ya kungoja akue ndipo aonyeshwe dunia. Mtoto yuko karibu na ardhi kuliko sisi, anaona zaidi, na kinachotakiwa ni mtu mzima atakayekubali kwenda polepole.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Bwana Edward Mnyawami, fundi wa reli. Kabla ya kumkubali, Hilda alimpandisha kilima. Edward alivaa viatu vya kuposea. Alifika nusu ya njia, akavivua, akakaa juu ya jiwe, akasema kwamba kama ndoa iko huko juu, basi iteremke. "Ukinioa utakuwa unapanda?" Hilda alimuuliza. Edward akajibu, "Nitakungoja chini na chai." Alilitimiza neno lake. Kwa miaka mingi, Jumamosi ambazo hakuwa zamu, Edward alionekana amekaa chini ya mlima na chupa ya chai na vikombe vya plastiki, akisoma gazeti la juzi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Violeth na Nathan.

Mwaka 1994 Hilda alihamishiwa shule moja ya msingi hapa Mkonze, akapewa darasa la awali na la kwanza. Mwaka uliofuata alianza kuwapandisha watoto wake Mlima Chimbuya kila Jumamosi asubuhi. Wengi mliokaa hapa leo mlipandishwa naye, na mnajua alivyofanya. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye aliyetangulia, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita, hata mwalimu. Aliyechoka hakuambiwa ajikaze. Aliambiwa, "Kaa, utuambie unachokiona ukiwa umekaa." Akiona siafu, wote walikaa kutazama siafu. Kuna Jumamosi walizotumia saa mbili bila kupita mti wa kwanza wa mkole, na Hilda akarudi nyumbani amefurahi kama aliyefika Kilimanjaro. Alisema mlima si wa kufika, ni wa kukaa. Waliofika kileleni, kwenye mwamba ambao watoto waliuita Ikulu kwa sababu anayekaa pale anaiona nchi nzima, hawakupewa pipi. Walipewa dakika kumi za kunyamaza. Aliyecheka, dakika zilianza upya, na wapo waliokaa Ikulu nusu saa nzima kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kicheko.

Wazazi hawakuelewa upesi. Mama mmoja alimjia shuleni akiwa amefunga kanga kiunoni. "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome, sikumleta achunge."

"Anasoma, mama," Hilda alimjibu. "Jana amemsoma nge kabla hajamkanyaga. Wewe ungemsoma?"

Yule mama alicheka, na Jumamosi iliyofuata alimleta na mdogo wa mtoto huyo.

Lakini kulikuwa na suala la kujua kama wote wamerudi. Darasani Hilda aliita majina kwa sababu serikali ilitaka, na jumla ya mahudhurio alimwachia mwalimu mwenzake aijaze. Mlimani alibuni njia yake. Chini ya Chimbuya pana jabali bapa. Kila mtoto, kabla ya kupanda, aliokota jiwe dogo la kulitambua akaliweka juu ya jabali. Akirudi, alichukua jiwe lake akalitupa korongoni. Jabali likiwa tupu, watu wametimia. Hakuna aliyehesabiwa, na Bibi Zipora, aliyekuwa bado hai, aliisifu njia hiyo. Ili watoto wasizubae, Hilda aliongeza utani: wa mwisho kuchukua jiwe alibeba dumu tupu la maji hadi shuleni, na wenzake wakamwimbia "Punda wa Chimbuya." Yeye mwenyewe alishuka nyuma ya wote. Miaka kumi na sita ilipita hivyo bila mtoto kupata zaidi ya mkwaruzo, na miaka kumi na sita ya salama ilimfanya aone kuwa njia yake ni kinga, wakati ilikuwa bahati.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba 2011 walipanda kama kawaida. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, majani yamekwisha, mawe yanaunguza. Edward alikuwa zamu kituo cha reli cha Saranda. Wakati wa kushuka, mtoto aitwaye Antonia alikanyaga mwiba mrefu wa mgunga, ukapenya ndala ukaingia unyayoni. Hilda alimbeba mgongoni, na kwa kuwa mtoto alikuwa analia, akashuka upesi, mbele ya wengine. Nyuma yake hapakuwa na mtu mzima. Mtu mzima mwingine hakuwapo kabisa, na hilo pia lilikuwa kosa, ingawa kwa miaka kumi na sita hakuna mzazi, mwalimu wala kiongozi aliyelitaja.

Miongoni mwa watoto alikuwapo Stumai Nurdini, miaka sita, binti wa fundi cherehani wa sokoni aliyetoka Kondoa. Rafiki yake mkubwa alikuwa Respicius, miaka saba. Walipokaribia chini, Stumai alishika kichwa. "Mtandio wangu! Nimeuacha Ikulu. Mama ataniua."

"Ukirudi utakuwa wa mwisho," Respicius akamwambia. "Utabeba dumu."

"Basi nichukulie na jiwe langu, Resi. Nakuja."

Respicius alichukua jiwe lake, akachukua na la Stumai, lililokuwa jeupe, akayatupa yote mawili korongoni. Rafiki yake alikuwa amemwomba, na yeye alikuwa mtoto wa kutimiza ahadi. Hilda alikuwa amepiga magoti anachokoa mwiba. Alipoutoa aliinua kichwa akatazama jabali. Lilikuwa tupu. "Tumetimia," alisema. "Twendeni."

Katika njia ya kurudi watoto walichomoka mmoja mmoja kuelekea makwao, kama ilivyokuwa desturi.

Saa tisa alasiri Mama Stumai alibisha hodi. Hilda alikuwa anachambua mlenda.

"Shikamoo, mwalimu. Huyu mtu wangu hajaushiba tu mlima?"

"Marahaba, Mama Stumai. Mtu yupi?"

"Stumai. Wenzake nimewaona wanacheza rede huko."

Hilda alisimama, ungo ukamwagika. "Wamerudi wote," alisema. "Jabali lilikuwa tupu."

"Sikuulizi jabali, mwalimu."

"Jabali lilikuwa tupu," Hilda akasema tena. Alikiri baadaye kwamba katika maisha yake hakuna sentensi aliyoijutia kama hiyo. Mama mzazi alikuwa amesimama mlangoni anamuuliza habari za mtoto, naye akamjibu habari za mawe.

Respicius alisema yote papo hapo, mbele ya baba yake, na baba yake akashika mkanda. Hilda alisimama katikati. "Weka chini," alisema. "Mtoto ameombwa na mwenzake akatenda. Mimi ndiye niliyepewa kuwatazama, na sikutazama. Ukitaka kumpiga mtu, nipige mimi." Ule mkanda uliwekwa chini, na katika miaka yote iliyofuata Hilda hakumruhusu mtu yeyote, katika kikao chochote, kulitaja jina la yule mtoto kama chanzo.

Askari aliyekuja kuandika maelezo alimuuliza walikuwa watoto wangapi.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuwahesabu."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Mama yangu alinikataza."

Askari aliweka kalamu mezani. Ilibidi balozi wa nyumba kumi apite nyumba kwa nyumba kuuliza ni nani alikwenda mlimani, na ndivyo ilivyojulikana kwamba walikuwa ishirini na watatu. Muda uliotumika kuitafuta idadi hiyo ulikuwa muda wa mwanga wa mchana wa kumtafuta mtoto.

Mkonze yote ilipanda Chimbuya. Siku ya pili walikuja vijana wa chuo kutoka Chimwaga, wakapanga mstari, wakachana kila kichaka. Mtandio ulipatikana Ikulu, umekunjwa vizuri, na jiwe juu yake ili upepo usiuchukue, pale pale mtoto alipouacha. Maana yake hakuufikia. Aliondoka karibu na jabali, akaelekea juu, na mahali fulani katika njia ya nusu saa, ambayo alikuwa ameipita mara nyingi, hayupo. Siku ya tatu alifika Gideoni, yule mwanafunzi wa zamani, sasa mtu mzima mwenye ndevu, amesafiri kutoka Chemba. Alitembea mlima mzima ameinama. Aliporudi alisimama mbele ya mwalimu wake kama aliyetumwa kueleza utoro.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Nyayo za watu mia tatu zimekaa juu ya nyayo za mtoto mmoja. Mngeniita kabla ya watu."

Siku ya kumi na nne msako ulisimamishwa. Wengine walisema fisi. Wengine walisema mashimo yaliyo kati ya mawe, ambayo hayana mwisho. Wengine walisema mambo ambayo Mkristo hapaswi kuyatamka, kwamba mwalimu anajua alikompeleka. Sokoni walimrushia maneno: "Mwalimu, leo umemwacha nani?" Wapo hapa waliosema hivyo. Familia haikuja kuwashtaki, inawakumbusha tu kwamba aliwasikia.

Uchunguzi wa polisi ulifungwa mwaka uliofuata bila mashtaka. Kazini alipewa barua ya onyo, akahamishiwa madarasa ya juu, na safari za mlimani zikapigwa marufuku. Alisema adhabu ilikuwa ndogo. Bwana Nurdini alifunga cherehani yake akarudi Kondoa, na hakupita tena Mkonze. Mama Stumai alibaki, kwa kuwa, alisema, mtoto akirudi atakuta nyumba.

Tangu hapo Hilda alihesabu. Mtu aliyeishi nusu karne bila kuhesabu hata vifaranga alihesabu kila kitu chenye uhai. Kanisani waliokaa benchi lake walimwona akisogeza midomo, akianza mbele hadi nyuma, kisha nyuma hadi mbele. Alihesabu wageni harusini na waombolezaji msibani. Violeth alimuuliza siku moja kwa nini anarudia rudia.

"Kwa sababu kila nikihesabu napata pungufu mmoja," mama yake alisema.

"Mama, kanisani unajuaje kuwa ni pungufu?"

"Najua."

Kila Jumamosi alipanda Chimbuya. Hakupanda tena kutazama siafu. Alipanda kutafuta, kwa sababu Mama Stumai alimwambia jambo moja tu baada ya arobaini: "Kosa nimekusamehe, mwalimu, nisije nikalibeba mbele ya Mungu. Lakini nitafutie nimzike. Hata mfupa." Hilda aliapa. Aligawa mlima vipande, akachora kwenye daftari la mistari, akapita kipande kwa kipande, na alipomaliza mlima alianza upya. Alichungulia kila ufa kwa tochi na kioo. Aliita jina. Edward, ambaye maisha yake yote alingoja chini, aliacha chupa ya chai nyumbani akaanza kupanda pamoja naye, kwa magoti yale yale mabovu. Alisema asingekwenda zamu siku ile, angekuwa amekaa chini, na anayekaa chini anaona nani hajashuka. Alipanda Jumamosi zote kwa miaka minne na nusu, hadi alipofariki kwa moyo tarehe 19 Machi 2016.

Kuna jambo ambalo Hilda alimweleza Violeth peke yake, na aliruhusu lisemwe. Alisema kwamba mara nyingine, akiwa ameketi karibu na jabali kabla ya kupanda, husikia kutoka juu, si mbali, sauti ya mtoto ikisema "Nakuja," kwa haraka, kama mtu anayeogopa kubeba dumu. Violeth alimuuliza kama anaamini ni Stumai. "Sisemi ni yeye," alisema. "Nasema nasikia." Familia hii ni ya Kikristo na haifundishi mizimu. Inasema alichosema. Kila aliposikia alisimama akangoja mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyekuja.

Alistaafu utumishi Aprili 2021. Kisukari kilikuwa kimegunduliwa mwaka 2018. Januari 2024 alipata kidonda kwenye kisigino cha kulia, kwa sababu ya kiatu na mawe. Daktari alimwambia, "Mama, mguu huu unahitaji kupumzika." Akajibu, "Utapumzika Jumapili." Wanawe walimfichia viatu, akapanda na vya jirani. Hapa ni lazima isemwe bila kuremba: alionywa mara sita, na alikataa mara sita. Toba isiyosikia shauri la mtu huwa inageuka ukaidi. Septemba 2024 mguu ulikatwa chini ya goti.

Ndipo Respicius alipoingia tena. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Chimwaga. Alikuja kumwamkia hospitalini, akaliona daftari la mlima chini ya mto, akalichukua. Hakuombwa. Lakini hakukatazwa pia. Tangu wiki hiyo Jumamosi zote alipanda yeye, peke yake, na alasiri alikuja nyumbani kwa Hilda, suruali imejaa vumbi jekundu, akatoa taarifa.

"Nimepita kusini, mwalimu, mpaka kwenye ile mikole miwili. Sijaona kitu."

"Umeita?"

"Nimeita."

"Umeita ukangoja? Au umeita ukapita?"

"Nimengoja, mwalimu."

Hilda alitia alama kwenye daftari. Ilikuwa hivyo miezi minane. Respicius aliacha mpira, aliacha ibada ya vijana, na mchumba wake alimwacha kwa sababu hakuwa na Jumamosi. Hayo Hilda aliyajua. Alimwambia Violeth kwamba kijana ana moyo mwaminifu, akaishia hapo, kwa kuwa aliutaka ule mfupa kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani.

Jumamosi tarehe 31 Mei 2025 Mama Stumai alikuja kumjulia hali. Alikuta taarifa inatolewa. Alisikiliza hadi mwisho, akamtazama Respicius kucha zilizovunjika, akamwomba atoke nje kidogo.

"Mwalimu," alisema, "huyu ana umri gani?"

"Ishirini na moja."

"Wangu angekuwa ishirini. Huyu kila Jumamosi yuko kule, kwenye mashimo yale, peke yake, na hakuna anayemwangalia. Akiteleza tutajua saa ngapi? Ulinipotezea mmoja bila kumwona. Huyu unampoteza unamwona."

"Niliapa kwako, Mama Stumai. Ukisema niache, sina tena wa kukutafutia. Hutamzika."

"Najua."

"Hutamzika," Hilda akasema tena, kwa sauti ambayo Violeth, aliyekuwa jikoni, aliisikia.

"Nimekuelewa, mwalimu. Mwite huyo kijana."

Hilda alichukua daftari akalishika kifuani. Kisha akaita. Respicius aliingia akasimama, akidhani anapewa kipande kipya cha mlima.

"Resi, Jumamosi ijayo usipande."

"Niende Jumapili, mwalimu?"

"Usipande tena. Siku yoyote. Imekwisha." Akamkabidhi Mama Stumai daftari, naye akalitia kwenye mkoba wake bila kulifungua. Respicius alipiga magoti akalia kama mtoto wa miaka saba, na wanawake wale wawili walimshika kila mmoja upande wake. Hilda ndiye pekee ambaye hakulia. Alisema tu, "Nenda ukacheze mpira." Ndugu zake wanalihesabu neno hilo kuwa kazi ngumu kuliko zote alizozifanya, na wanalihesabu kuwa limechelewa kwa miezi minane.

Tangu siku hiyo alishuka upesi. Kidonda cha mguu uliokatwa kilipata maambukizi, homa ikapanda, figo zikashindwa. Alipokea Meza ya Bwana siku ya Jumatatu akiwa na akili zake timamu. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Mkonze, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha watoto wawili, Violeth na Nathan, wajukuu wanne, na wadogo zake wawili walio hai, Bernardo na Bartolomayo. Ameacha pia Respicius, ambaye familia inamtaja mahali hapa kwa makusudi, na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka thelathini na tisa. Mama Stumai amekaa mstari wa mbele, pamoja na wanafamilia, kwa sababu marehemu aliomba hivyo na yeye akakubali. Bwana ampe Mwalimu Hilda pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujiruhusu.

Alitaka kuwapa watoto wa hapa mlima wao, na kwa miaka kumi na sita aliwapa. Leo hakuna mtoto wa Mkonze anayepanda Chimbuya. Wajukuu wake wanne hawajawahi kukanyaga hata jiwe lake la kwanza. Na sisi tutakapomaliza kumfukia mwalimu tutajua alipolala, lakini Stumai Nurdini hana kaburi.